Homer Smith: Msomi wa Figo na Samaki Aitwaye Kamongo

Utangulizi

Soko la Toi limekaa ukingoni mwa Kibera, karibu na Barabara ya Ngong jijini Nairobi. Wakazi wa Kibera, Kawangware na mitaa ya jirani hulijia kwa ajili ya mitumba, viatu, mboga na vyakula vingine. Soko hili limewahi kuteketea na kujengwa upya zaidi ya mara moja, na kila mara wachuuzi wamerudi kupanga bidhaa zao. Mahali kama hapa, ambapo Kiswahili hukutana na Kidholuo, Kiluhya, Kikuyu, Kikamba na Kinubi, jina kamongo halihitaji fasiri kwa mtu yeyote mwenye asili ya Ziwa Victoria. Kamongo ni yule samaki mrefu, mwenye umbo linalokaribia la nyoka, ambaye hupanda juu ya maji kuvuta hewa kwa mapafu. Wapo Watanzania wamwitao kambare mamba. Waganda humwita mamba, na miongoni mwao upo ukoo mkubwa ambao mwiko wake ni samaki huyo.

Kwa mpishi, kamongo ni kitoweo. Kwa mwanafunzi wa lugha, kamongo ni neno la Kidholuo lililosafiri mbali kuliko maneno mengi ya Afrika Mashariki, kwa kuwa mwaka 1932 lilichapishwa jijini New York likiwa anwani ya kitabu. Aliyekitunga kitabu hicho hakuwa mwanafasihi kwa taaluma. Alikuwa Homer William Smith, profesa wa fiziolojia, ambaye watafiti wa figo wa karne ya 20 walimhesabu kuwa mmoja wa viongozi wao wakuu. Makala haya yanasimulia maisha yake. Yanakusudia pia kuonyesha jinsi samaki wa ziwani alivyomsaidia kuielewa figo, na jinsi kazi yake ilivyoandaa njia kwa elimu ya vipokezi vya homoni, ambayo leo ndiyo msingi wa dawa nyingi za shinikizo la damu.

Maisha ya awali

Smith alizaliwa tarehe 2 Januari 1895 mjini Denver, katika jimbo la Colorado nchini Marekani. Sehemu ya utoto wake aliishi Cripple Creek, mji wa machimbo ya dhahabu ulio milimani. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Denver na kuhitimu mwaka 1917, mwaka uleule ambao Marekani iliingia katika Vita Vikuu vya Kwanza. Jeshini alipelekwa katika utafiti wa kemikali za kivita, akafanya kazi pamoja na Eli Kennerly Marshall juu ya gesi ya haradali. Ajabu ya mambo ni kwamba urafiki uliozaliwa katika kazi ya sumu ndio uliokuja kumvuta kwenye kiungo kinachousafisha mwili. Marshall naye baadaye aliigeukia figo, na wawili hao wakaandika pamoja.

Baada ya vita, Smith alijiunga na Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na kupata shahada ya udaktari wa sayansi mwaka 1921. Alifanya kazi kwa muda katika maabara ya kampuni ya dawa ya Eli Lilly, kisha akaenda Harvard kufanya utafiti chini ya Walter Cannon. Cannon ndiye aliyeunda istilahi ya homeostasisi, yaani ule uwezo wa mwili wa kuyaweka mazingira yake ya ndani katika hali isiyoyumba ingawa mazingira ya nje hubadilika. Fikra hiyo, ambayo mizizi yake ilikuwa katika maandishi ya Mfaransa Claude Bernard, ilikaa moyoni mwa Smith maisha yake yote. Mwaka 1925 alipewa uprofesa wa fiziolojia katika Chuo Kikuu cha Virginia. Mwaka 1928 akahamia Chuo Kikuu cha New York, ambako aliongoza maabara za fiziolojia hadi alipostaafu mwaka 1961.

Mjadala aliourithi

Ili kuielewa kazi ya Smith, ni sharti kwanza kuujua mjadala aliouingia. Figo ya binadamu ina takribani nefroni milioni moja. Kila nefroni huanza na kifundo cha mishipa myembamba mno ya damu, kiitwacho glomeruli, na kuendelea kuwa mrija uliopindapinda hadi kwenye mrija mkusanyaji unaopeleka mkojo nje ya figo. Mwaka 1842 Mwingereza William Bowman alilieleza umbile hilo, akadhani kwamba kuta za mrija ndizo zinazotoa takataka na kuzimimina ndani yake. Mwaka 1844 Mjerumani Carl Ludwig alishikilia kwamba kifundo huchuja damu, halafu mrija huyarudisha maji mengi katika damu. Wataalamu waligawanyika. Mwaka 1917 Arthur Cushny aliandika kitabu kilichoupa nguvu upande wa uchujaji, kikakana kabisa kwamba mrija huweza kutoa chochote.

Katika miaka ya 1920 Marshall alionyesha kwa kutumia rangi zilizoingizwa katika damu kwamba mrija nao hutoa vitu. Vilevile alithibitisha kuwa wapo samaki wa baharini wasio na glomeruli hata moja, lakini hutengeneza mkojo. Pande zote mbili zilikuwa na sehemu ya ukweli, ila swali kubwa lilibaki palepale. Figo za mtu mzima huchuja takribani lita 180 kwa siku, kisha huzirudisha zote katika damu isipokuwa lita moja na nusu hivi. Kwa nini kiungo kifanye kazi ya kumwaga bahari nzima ya maji, kisha kifanye kazi kubwa zaidi ya kuyazoa maji yaleyale?

Smith aliona kwamba jibu haliwezi kupatikana kwa kumchunguza binadamu peke yake. Figo, kwa maoni yake, ilikuwa kama nyumba ya zamani iliyoongezwa vyumba kizazi baada ya kizazi. Aliyetaka kujua kwa nini mlango upo hapa na dirisha liko kule, alipaswa kujua historia ya wakazi wake.

Safari ya ziwani

Mwaka 1928, kwa ufadhili wa Wakfu wa Guggenheim, Smith alisafiri hadi Ziwa Victoria kumtafuta kamongo. Sababu yake ilikuwa ya kisayansi. Samaki wenye mapafu ni jamaa wa karibu wa wale viumbe wa kale ambao kizazi chao kilitoka majini na kuingia nchi kavu. Tena, kamongo na jamaa zake wanajulikana kwa uwezo wa kuuvuka ukame. Maji yanapokauka hujichimbia matopeni, hujikunja, hujifunika kwa ute unaokauka ukawa kama ngozi nyembamba, na huacha tundu dogo tu la kupitishia hewa. Hapo hulala bila chakula wala maji hadi mvua irudi.

Smith alirudi New York na kamongo hai, akawalaza katika matope ya maabara na kuwapima. Aliyoyapata aliyachapisha mwaka 1930. Kamongo aliye majini hutoa takataka za protini kwa wingi katika umbo la amonia. Amonia ni sumu, lakini haina taabu kwa kiumbe aliyezungukwa na maji yanayoichukua papo hapo. Anapolala matopeni maji hayo hayapo. Hapo kamongo hubadili mkondo wa kemia yake akatengeneza urea, ambayo sumu yake ni ndogo, akaihifadhi mwilini. Figo zake huacha kutoa mkojo. Huishi kwa kuila misuli yake mwenyewe polepole. Maji yanaporudi, huamka na kuimwaga ile akiba ya urea kwa siku chache.

Kwa Smith hili lilikuwa somo kubwa. Kuishi nchi kavu kulihitaji mapafu na miguu, na kulihitaji pia namna mpya ya kushughulikia maji na takataka. Mwaka huohuo wa 1930, yeye na Marshall walichapisha makala iliyolinganisha glomeruli za wanyama wenye uti wa mgongo na mahali wanapoishi. Walisema kwamba samaki wa maji baridi wana glomeruli kubwa kwa sababu maji hupenya miilini mwao bila kukoma, na lazima yatolewe. Samaki wengi wa baharini, ambao hupoteza maji, wana glomeruli ndogo, na baadhi yao hawana kabisa. Katika utafiti mwingine wa mwaka huo, Smith alionyesha kwamba samaki wa baharini wenye mifupa hunywa maji ya bahari na kutoa chumvi ya ziada kwa kutumia matamvua. Baadaye alikwenda hadi Mto Perak huko Malaya kuwachunguza papa na jamaa zao waliozoea maji baridi.

Jibu lake kwa lile swali la lita 180 lilikuwa hili: glomeruli ni urithi wa mababu walioishi katika maji baridi, na mrija mrefu wenye kurudisha maji ni nyongeza ya wajukuu waliohamia pakavu. Haina budi kuelezwa kwamba sehemu moja ya nadharia hiyo imetiliwa shaka. Wataalamu wengi wa visukuku leo huelekea kuamini kwamba wanyama wa kwanza wenye uti wa mgongo walitokea katika bahari ya kina kifupi. Hata hivyo, njia ya Smith ya kuisoma figo kwa kuyasoma mazingira ya mwenye figo imebaki hai.

Kitabu chenye jina la Kidholuo

Kamongo, kitabu cha mwaka 1932, ni riwaya fupi ya mazungumzo. Mwanasayansi anayetoka Afrika Mashariki anakutana melini na kasisi wa Kianglikana, na katika joto la Bahari ya Shamu wanajadiliana juu ya kamongo, asili ya uhai na kusudi lake. Mwanasayansi anamwona kamongo kuwa kiumbe aliyepata mapafu mapema, lakini akakwama katika njia isiyokuwa na mbele. Kasisi anasumbuliwa na swali la iwapo maumbile yana nia yoyote. Mtunzi hakumpa yeyote kati yao ushindi mwepesi.

Jambo la kuzingatiwa na wanaisimu ni uteuzi wa anwani. Jina la kisayansi la samaki huyo, Protopterus aethiopicus, lilikuwapo. Jina la Kiingereza pia lilikuwapo. Smith aliyaacha yote mawili akachukua lile litokalo vinywani mwa Waluo. Kwa uteuzi huo, jina ambalo wavuvi walilitumia kwa kazi zao za kila siku liliingia katika maktaba za ulimwengu. Elimu ya wavuvi hao, waliojua mahali pa kumpata samaki na tabia zake, ilikuwa msingi wa elimu ya maabara, na anwani ile ni ushahidi uliobaki.

Baadaye Smith aliandika vitabu vingine kwa ajili ya wasomaji wasio wataalamu. Mwaka 1952 alitoa kitabu juu ya historia ya imani za binadamu, ambacho dibaji yake iliandikwa na Albert Einstein. Mwaka 1953 akatoa kingine kilichoieleza safari ndefu ya figo kutoka kwa samaki hadi kwa mwanafalsafa. Humo alitetea fikra kwamba damu imeundwa kwa kile ambacho figo hukibakiza, zaidi ya kile ambacho kinywa hukiingiza. Binadamu ana nafasi ya kuwaza na kutunga mashairi kwa kuwa figo zake zimembebea kazi ya kuilinda bahari yake ya ndani.

Kipimo cha figo

Umaarufu wa Smith miongoni mwa matabibu ulitokana na kipimo. Kabla yake ilikuwa vigumu kujua, bila kumpasua mtu, figo zake zinachuja kiasi gani. Ilihitajika dutu inayochujwa na glomeruli kwa urahisi, isiyorudishwa na mrija wala kuongezwa nao. Dutu hiyo ilipatikana katika inulini, aina ya wanga utokanao na mizizi ya mimea kama dalia. Mwaka 1935 Smith na mwanafunzi wake James Shannon walichapisha matokeo ya vipimo vya inulini. Katika kipindi hichohicho, Alfred Newton Richards na wenzake walifikia njia hiyo kwa juhudi zao wenyewe.

Hoja iliyotawala vipimo hivyo ni ya usafishaji, nayo yaweza kuelezwa kwa mfano. Mtu akijua kiasi cha uchafu kilichomo katika kila lita ya maji ya pipa, kisha akapima uchafu wote uliotolewa kwa dakika moja, anaweza kukokotoa ni lita ngapi zilizosafishwa kwa dakika hiyo. Kwa mtu mzima mwenye afya, figo mbili huchuja takribani mililita 125 kwa dakika. Kwa dutu nyingine, ambayo mrija huitoa karibu yote katika mpito mmoja wa damu, Smith na wenzake walipima pia wingi wa damu inayofika kwenye figo. Walikuta kwamba viungo hivi viwili vidogo hupokea zaidi ya lita moja ya damu kila dakika, yaani karibu sehemu moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo.

Katika hospitali za leo inulini hutumika kwa nadra, kwa kuwa huhitaji kuingizwa mshipani kwa muda mrefu. Badala yake hupimwa kreatinini iliyomo katika damu, kisha uchujaji hukadiriwa kwa hesabu. Makadirio hayo yana hatari zake. Kuanzia mwaka 1999 hesabu iliyotumiwa sana iliwaongezea watu weusi alama za uchujaji kwa sababu ya rangi yao tu, hata ugonjwa ukaweza kuonekana mdogo kuliko ulivyo. Mwaka 2021 vyama vya wataalamu wa figo vya Marekani vilipendekeza kigezo cha rangi kiondolewe. Mkasa huo unaonyesha thamani ya kanuni aliyoishikilia Smith, kwamba mganga hana budi kukipima kile anachotaka kukijua.

Ujasiri wa kukana na wa kukiri

Mwaka 1934 Harry Goldblatt alionyesha kwamba kuubana mshipa wa damu wa figo ya mbwa hupandisha shinikizo la damu. Madaktari wa upasuaji wengi walirukia hitimisho kwamba kuiondoa figo moja yenye kasoro kungewaponya wagonjwa wa shinikizo. Figo nyingi ziliondolewa. Mwaka 1948 Smith aliyakusanya matokeo yaliyochapishwa na kuyachambua kwa ukali, akaonyesha kwamba ni wachache tu kati ya wagonjwa hao walionufaika. Aliirudia kazi hiyo mwaka 1956 na kufikia msimamo uleule. Uchambuzi wake uliwaepushia watu wengi kisu kisichokuwa na faida. Mwaka huo wa 1948 alitunukiwa Tuzo ya Lasker.

Mtu huyohuyo aliyewakosoa wenzake alijua pia kukosolewa. Mwaka 1951 alichapisha kitabu chake kikuu juu ya figo, chenye kurasa zaidi ya 1,000. Mwaka huohuo Heinrich Wirz, Bartholomé Hargitay na Werner Kuhn, wa mji wa Basel, walitoa maelezo mapya ya namna figo inavyokoleza mkojo. Walisema kwamba mirija yenye umbo la kitanzi, ambamo umajimaji hupita kwa mikondo inayokwenda kinyume, huyafanya maeneo ya ndani ya figo kuwa na chumvi kali, na kwamba maji huvutwa na chumvi hiyo. Kwa miaka kadhaa Smith hakuikubali hoja hiyo. Carl Gottschalk alipopima umajimaji wa ndani ya mirija na kutoa ushahidi mwaka 1959, Smith aliiungana nayo hadharani, akaieleza mbele ya wataalamu wenzake kwa ufasaha uleule aliokuwa ameutumia kuipinga. Alikuwa na umri wa miaka 64, na kitabu chake kilikuwa kikitumika kila mahali.

Mlango alioubisha

Katika kazi zake Smith aliyagawa maji yanayorudishwa na mrija katika mafungu mawili. Fungu kubwa hurudi katika sehemu ya mwanzo ya mrija kwa kuifuata chumvi, upende usipende. Fungu dogo hurudi katika sehemu za mwisho, na hilo ndilo linalotawaliwa na homoni itokayo kwenye tezi iliyo chini ya ubongo, iitwayo vasopresini. Mtu akiwa na kiu homoni huongezeka, na mkojo hupungua na kukolea. Akinywa maji mengi homoni hupungua, na mkojo huwa mwingi na mwepesi. Smith alijua kazi hiyo hufanyika wapi kwa jumla. Hakuweza kuuona mlango wenyewe, kwa maana vipimo vyake viliisoma figo kwa kulinganisha kilichoingia na kilichotoka. Alifariki tarehe 25 Machi 1962 jijini New York.

Waliomfuata waliupata mlango huo, nao huitwa kipokezi. Homoni husafiri katika damu na kufika kila pembe ya mwili, lakini seli inayoitikia ni ile tu iliyo na kipokezi chake. Ndivyo ilivyo katika Soko la Toi: sauti ya mchuuzi wa viatu huwafikia wapita njia wote, ila anayesimama ni yule aliyekuja kutafuta viatu. Kwa hiyo, kuzijua kazi za homoni katika figo ni kuijua ramani ya vipokezi vyake.

Ramani hiyo leo inafahamika kwa kiasi kikubwa. Vasopresini ina kipokezi kiitwacho V2, ambacho hukaa hasa katika seli za mirija mikusanyaji, upande unaotazama damu. Homoni inapokishika, taarifa hupita ndani ya seli, na vijia vya maji viitwavyo akwaporini hupelekwa kwenye upande unaotazama mkojo. Maji huvutwa na ile chumvi kali iliyoelezwa na wataalamu wa Basel na kurudi mwilini. Jeni ya kipokezi hicho ilitambuliwa mwaka 1992. Mtoto anayezaliwa na kipokezi kibovu hukojoa maji mengi mno na kuandamwa na kiu, ingawa homoni yenyewe haikupungua katika damu yake. Homoni hiyohiyo ina kipokezi kingine, V1a, katika misuli ya mishipa ya damu, na huko kazi yake ni kuibana mishipa. Sauti ni moja, lakini mwitikio hutegemea aliyeisikia.

Hali kadhalika, aldosteroni, homoni ya tezi zilizo juu ya figo, ina kipokezi kilicho ndani ya seli za sehemu za mwisho za nefroni, nayo huiamuru figo kuishika sodiamu na kuitoa potasiamu. Kipokezi hicho kina udhaifu wa ajabu: hakiwezi kuitofautisha aldosteroni na kortisoli, ambayo ni nyingi zaidi katika damu. Mwaka 1988 ilidhihirika kwamba seli hizo zina kimeng'enya kinachoigeuza kortisoli kabla haijakifikia kipokezi, mithili ya bawabu anayemzuia mgeni asiyealikwa. Angiotensini ina vipokezi katika mishipa ya glomeruli na katika mrija wa mwanzo, ambako huchangia kulinda uchujaji na kuishika chumvi. Homoni ya tezi za paradundumio nayo ina vipokezi katika mrija wa mwanzo, ambako huzuia fosfati isirudi, na katika sehemu za mbele zaidi, ambako huisaidia kalsiamu kurudi.

Elimu hii si pambo la vitabuni. Losatani, dawa ya shinikizo la damu inayouzwa katika maduka ya dawa ya Nairobi, hufanya kazi kwa kukiziba kipokezi cha angiotensini. Spironolaktoni hukiziba kile cha aldosteroni. Ugonjwa ambao zamani uliwafanya watu wapoteze figo zao mikononi mwa wapasuaji, leo unatibiwa na wengi kwa kidonge kinachokwenda kukaa mlangoni mwa seli.

Hitimisho

Kamongo mwenyewe hajaachwa nje ya hadithi hii. Mwaka 2009 watafiti wa Japani waliripoti kwamba waligundua katika figo za jamaa yake, Protopterus annectens, kipokezi cha aina ya V2. Mlango ambao binadamu hulindia maji yake una asili ya kale, na samaki mwenye mapafu anao. Smith aliyatafuta maelezo ya figo ya binadamu katika matope ya Afrika, na karibu miaka 80 baada ya safari yake, matope hayo yalizidi kuthibitisha kwamba hakupotea njia.

Jina lake limehifadhiwa katika tuzo inayotolewa na Chama cha Wataalamu wa Figo cha Marekani, na wanafunzi wake, akiwemo Shannon aliyeziongoza Taasisi za Taifa za Afya za Marekani kuanzia 1955 hadi 1968, waliendeleza kazi yake. Kwa wapenzi wa Kiswahili ameacha deni la namna nyingine. Alichukua neno moja la ukanda huu na kulipa makao katika sayansi. Elimu aliyoijenga juu yake inawarudia wenye neno hilo, mara nyingi ikiwa katika lugha ambayo mgonjwa aliyekaa mbele ya daktari haielewi. Mgonjwa huambiwa kreatinini imepanda, hupewa kidonge, na huenda nyumbani bila kujua kinakwenda kufanya nini. Kiswahili tayari kina kuchuja, kusafisha, kurudisha na kupokea, na kutokana na vitenzi hivyo kimezaa uchujaji, usafishaji na kipokezi. Kazi iliyobaki ni kuyafikisha maneno hayo vyumba vya matibabu, ili anayeumwa aelezwe habari za figo zake kwa lugha anayonunulia samaki sokoni.